Kiwiko cha Mama na Bei ya Usingizi

Baba yangu ni mwendesha kreni, ile ndefu inayosimama katikati ya jengo lisiloisha na kuutazama mji kama kiranja anayetazama foleni ya chakula. Huko juu hukaa peke yake kwenye kibanda cha vioo, na mafundi wa chini humwita Jirani wa Mungu. Nyumbani anaitwa Injini. Jina hilo nililitunga mimi nikiwa na miaka saba, na limemkaa vizuri kuliko shati lolote aliloshonewa. Baba akikoroma, vikombe kabatini husalimiana.

Siku moja, saa nane mchana, Injini ilizimika kazini. Ndoano ya kreni ilikuwa imebeba tofali mia mbili, nazo zikabaki zinaning'inia hewani dakika nne nzima, huku mafundi wameinua shingo wakiamini kwamba Jirani wa Mungu anatafakari jambo. Msimamizi alimwita kwenye redio mara saba. Mara ya nane baba akajibu, kwa sauti ambayo kila mwenye redio aliisikia:

"Nimevuta, mke wangu, nimevuta."

Mafundi walicheka wiki nzima. Msimamizi hakucheka. Alimwandikia baba barua: hapandi tena mpaka alete karatasi ya kitaalamu kwamba usingizi wake hauna tatizo, na akikaa wiki tatu bila karatasi, kibanda kitapewa mtu mwingine. Kampuni haikulipia kipimo. Ilitoa barua tu, na barua ni bure.

Mimi nilifika nyumbani kwa likizo siku ya pili baada ya barua. Nilimkuta baba jikoni saa nne asubuhi, anaosha sufuria. Mtu aliyekaa miaka ishirini juu ya mji akishushwa mpaka kwenye sinki, hata mimi siwezi kumtania. Nilijaribu, lakini utani ulitoka kidogo tu.

Daktari wa zahanati alikuwa amekwishamweleza anachoshuku. Kuna watu ambao wakilala koo hulegea likaziba, hewa ikakwama, pumzi ikakatika. Ubongo unashtuka, unamwamsha mtu kidogo, anavuta hewa, analala tena, wala hajui kama aliamka. Inaweza kutokea mara mia kwa usiku. Asubuhi mtu huyo anaamka amechoka kama aliyebeba magunia, na mchana usingizi unamkamata popote ulipomkuta, hata akiwa ameshika tofali mia mbili za watu.

Kuhakikisha kulikuwa na njia mbili, na kila njia na bei yake. Wiki ya pili ya barua ikikaribia kuisha, kikao cha familia kikaitishwa mezani, wajumbe watatu, mimi nikiwa katibu kwa kujiteua.

Mama aliisoma karatasi ya zahanati kwa sauti. Mama hupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na siku hizo alikuwa anasoma chochote akiwa ameegemeza kichwa mkononi, kwa sababu ya uchovu ambao alikuwa anaunywea dawa ya kuongeza damu tangu mwaka juzi.

"Kipimo cha nyumbani," alisoma. "Wanakupa kifaa, unalala nacho usiku mmoja, unarudisha."

Bei yake ilikuwa sawa na viatu vyangu vya shule pamoja na soksi.

"Kipimo cha maabara. Unalala kwao."

Bei yake ilikuwa ada yangu ya bweni ya muhula mzima, chakula ndani.

Baba aliishika ile karatasi, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, kana kwamba tarakimu zingepungua.

"Hawa wa maabara wanafanya nini cha ziada?"

"Wanakubandika nyaya kichwani, kifuani, mpaka miguuni. Kuna kamera. Na kuna mtu anakutazama mpaka asubuhi."

"Nitoe pesa zote hizo nitazamwe nikilala?"

"Mimi nakutazama bure," mama akasema.

"Si ndiyo hapo sasa. Cha nyumbani."

Niliinua mkono kuomba kutoa hoja.

"Hoja imekataliwa," baba akasema.

Nilitaka kuwakumbusha tu kwamba rahisi huvunja upishi. Kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba katibu alinyimwa nafasi.

Kesho yake tulikwenda zahanati wote watatu. Aliyetupokea alikuwa kijana mwembamba mwenye subira nyingi na ndevu chache, ambaye kazi yake ni kupima watu waliolala. Nikampa cheo cha Bwana Usingizi papo hapo. Alituonyesha kifaa: kisanduku kidogo kama cha sabuni, mkanda wa kufunga kifuani, kibomba cha kuingia puani, na kibanio cha kidole chenye taa nyekundu.

"Hiki kinaandika pumzi na hewa iliyomo kwenye damu," alisema. "Mzee, unavaa, unabonyeza hapa, unalala. Muhimu ni jambo moja. Lala kama kawaida. Usibadilishe kitanda, wala mto, wala saa ya kulala. Kila kitu kama kawaida."

"Kama kawaida," baba akarudia, kama mtu anayekula kiapo. Baba akipewa maagizo ya mtambo huyafuata mpaka nukta ya mwisho. Ndiyo maana hajawahi kuangusha kitu.

Usiku ule alilala kama kawaida. Upande uleule, mto uleule, mama ukutani, yeye mlangoni. Kati ya chumba chao na changu kuna ukuta wa mbao nyembamba, na mimi nilikuwa macho, nimeshika kalamu na karatasi. Sikuwa na nia njema. Bwenini kwetu tunaendesha Ligi ya Mkoromo, ina msimamo na kila kitu, na kinara kwa mihula miwili ni dada mmoja wa kidato cha nne anayeitwa Trekta. Nilikusudia kumsajili baba kama mchezaji wa kigeni, na usajili unahitaji takwimu.

Kwa hiyo nikahesabu. Injini inanguruma, inapanda, inapanda, halafu kimya. Nikahesabu na kimya pia: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Tup. Kisha sauti ya mama, nzito, ya mtu aliye mbali sana ndani ya usingizi:

"Vuta."

Na Injini inawaka.

Mara ishirini za mwanzo nilicheka ndani ya mto mpaka nikauma foronya. Ile tup ilikuwa kiwiko. Mama alikuwa anampiga baba kiwiko cha mbavu, anamwambia vuta, na baba anavuta hewa kama mtoto mtiifu. Halafu dakika mbili, au hata moja, na tena: kimya, saba, tup, vuta.

Kufika mara ya arobaini nilikuwa nimeacha kucheka. Kufika mara ya mia nilikuwa nimekaa kitandani, miguu chini, nikihesabu saba kwa midomo na kuogopa nane. Nane haikufika hata mara moja. Kulipopambazuka, karatasi yangu ilikuwa na alama mia mbili na kumi na nne.

"Umelalaje, mama?" nilimuuliza asubuhi.

"Kama gogo," alisema, akimimina chai pembeni ya kikombe.

Siku ya tatu Bwana Usingizi akatupa majibu. Alikuwa ameyasoma mara kadhaa, ilionekana, maana karatasi ilikuwa imejikunja pembeni.

"Mara tatu kwa saa," alisema. "Hiyo ni hali ya kawaida. Ila, mzee, kwa shingo yako ilivyo, na kwa ulivyonieleza habari za kazini, mimi ningependa..."

Baba alikuwa amekwishasimama. "Karatasi inasemaje?"

"Inasema kawaida, ila..."

"Hiyo ila imo kwenye karatasi?"

"Haimo."

"Ahsante sana, kijana wangu. Mungu akuzidishie."

Njia nzima baba alitembea mbele yetu kama bwana harusi. Siku ileile akafua ovaroli zake mwenyewe, akaipiga mswaki kofia yake ngumu ya kazi, akaianika dirishani. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu angepeleka karatasi kwa msimamizi na kupanda. Mimi nilikuwa na karatasi nyingine, ndani ya mkebe wa hesabu. Huko juu baba hana ubavuni mtu wa kumwambia vuta, na chini ya ndoano yake kuna watu.

Hapa sina budi kueleza sifa yangu ndani ya nyumba. Likizo iliyopita nilichonga mhuri kwa kiazi, nikaandika tangazo kwamba maji yatakatika siku tano, nikalibandika mlangoni mwa kila nyumba mtaani. Watu walijaza maji mpaka kwenye viatu vya mvua. Baba alijaza ndoo arobaini, na kwa sababu hataki kupoteza kitu, tuliyaoga maji hayo mpaka nikarudi shule. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote inayotoka mkononi mwangu huangaliwa nyuma na mbele.

Niliwaambia wakati wa chakula cha usiku.

"Baba, yale majibu yana kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kifaa hakikukupima wewe. Kimempima mama."

Mama akacheka. Nikatoa karatasi, nikaisukuma katikati ya meza, nikaeleza kila kitu: kimya, saba, kiwiko, vuta, mara mia mbili na kumi na nne. Baba aliichukua, akaigeuza, akainusa.

"Haina mhuri," alisema. "Viazi vimepanda bei?"

"Baba, nasema kweli."

"Na mimi nakusikiliza kweli."

"Naapa kwa heshima ya familia hii na vizazi vyake," nikasema, na hapo nikajiharibia mwenyewe. Nilitaka kusema kama mtu, lakini ulimi wangu umezoea kuzungumza kama mgeni rasmi wa kuzindua daraja. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama akampigapiga mgongoni huku anafuta machozi.

"We mtoto," alisema, "yaani nimpige mtu viwiko mia mbili usiku mmoja nisijue? Mimi nina wazimu?"

Jumamosi yote sikufanya utani wowote, jambo lililowatia wasiwasi kuliko karatasi yangu. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana baba alijilaza kwenye kochi, miguu juu ya kiti, gazeti kifuani. Dakika mbili, Injini ikawaka. Nikamfuata mama jikoni, nikamvuta mkono.

"Njoo ukae naye. Dakika tano tu. Ukiona ni mchezo wangu, niadhibu likizo nzima."

Nadhani alikuja kwa sababu mimi si mtu wa kujiombea adhabu. Nilimkalisha kwenye kigoda kando ya kochi, nikapiga magoti mbele yake, nikaishika mikono yake yote miwili.

"Usimguse. Hesabu tu."

Baba alikoroma, akapanda, akapanda. Kimya. Gazeti kifuani likatulia.

"Moja," nikasema. "Mbili."

Mama alikuwa anatabasamu. Kufika sita mkono wake wa kulia ukaanza kujivuta kutoka kwangu. Hakuwa anautazama. Macho yake yalikuwa kwa baba, na kiwiko kilikuwa kinaondoka peke yake, kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Saba. Kikaruka. Nikakishika kwa nguvu zangu zote, na mama akakitazama kiwiko chake mwenyewe kama kitu cha mtu mwingine.

"Nane," nikasema. "Tisa. Kumi."

Tabasamu lilikuwa limeondoka. Kifua cha baba kilikuwa kinahangaika, kinapanda na kushuka kidogo, lakini hewa hakuna, mdomo wazi, hakuna sauti. Kumi na nne. Kumi na tano. Midomo ya mama ilikuwa inacheza. Kumi na nane.

Kufika kumi na tisa aliniangusha. Sijui alitoa wapi nguvu zile, mimi niko timu ya mpira wa wavu. Nilijikuta chini, na yeye amekwishamkita baba kiwiko cha mbavu.

"Vuta," alisema, kwa sauti ileile ya ukutani.

Baba akavuta hewa kwa kishindo, gazeti likaanguka. Akafungua macho.

"Nimevuta, nimevuta. Kuna nini?"

Mama alikuwa amekaa sakafuni. Alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Kesho hupandi," akasema.

"Karatasi ipo, mke wangu. Kawaida."

"Nimesema hupandi. Tunarudi kwa yule kijana."

"Wiki tatu zinaisha Jumatano. Ukiniweka chini mpaka Alhamisi, kibanda kina mtu mwingine. Unajua nimekaa mle miaka mingapi?"

"Najua. Na ndoano imebeba nini, najua. Kesho, saa mbili asubuhi."

Baba aliokota gazeti lake, akalisoma likiwa limegeuka chini juu.

Jumatatu, Bwana Usingizi alitusikiliza bila kutukatiza. Nilipofika kwenye ile saba alifungua tarakilishi yake, akatazama mistari ya usiku ule, akaifuata kwa kidole, akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Kifaa kinahesabu pumzi ikikatika kuanzia sekunde kumi kwenda juu," alisema. "Hapa zote zinakatwa kwenye saba; zile tatu kwa saa ni pumzi zilizopungua tu bila kukatika. Mimi nilidhani ni mkanda umelegea." Akamgeukia mama, kwa heshima kubwa. "Kumbe ni wewe, mama. Umekiwahi kifaa usiku kucha."

"Hukutuambia nisimguse. Ulisema kama kawaida."

"Nilisema. Kosa langu. Sikuuliza kawaida yenu ikoje."

Akaeleza yanayowezekana. Cha nyumbani kinaweza kurudiwa kwa nusu bei, ila mama alale chumba kingine. Baba akalichangamkia jambo hilo. Nusu bei, bila soksi.

"Na nani atamsukuma?" mama akauliza.

"Hasukumwi na mtu. Tunaiacha pumzi ikatike, kifaa kinahesabu."

"Na isiporudi?"

"Huwa inarudi, mama. Mwili wenyewe unajiamsha."

"Na kwake imekuwa ikirudi yenyewe miaka yote hii?"

Kijana akafikiri kidogo. "Kwake hatujui," akasema. "Ulikuwepo."

Baba alianza kuchezea kofia yake.

"Kuna jambo jingine," Bwana Usingizi akaendelea. "Kisanduku hakijui kama mtu amelala au amekaa anatazama dari. Hakioni ubongo. Kwa watu wengi kinatosha kabisa, na mimi humwambia mtu asitupe pesa maabara bila sababu. Lakini mzee ana tofali juu ya vichwa vya watu. Kwa kisanduku peke yake, mimi kalamu yangu itasita."

"Ni ada ya mtoto," baba akasema. "Maabara ni ada nzima ya huyu."

"Niko tayari kuitoa elimu yangu kwa ajili ya familia," nikasema.

"Wewe una haraka sana ya kuitoa."

"Mume wangu," mama akasema, na akasema taratibu, "ukipima nyumbani, mimi silali. Nitakaa mlangoni usiku kucha nahesabu kama nilivyohesabu jana, bila ruhusa ya kukugusa. Jana nimefika kumi na tisa. Usinirudishe pale. Kwao kuna mtu atakaa macho badala yangu. Hiyo pesa inamlipa huyo."

Baba akamgeukia kijana. "Kesho usiku kuna nafasi?"

Iliamuliwa kwamba ada yangu italipwa mwisho wa mwezi na mimi nitarudi shule nimechelewa wiki tatu. Nilipokea habari hizo kwa huzuni kuu, nikatoka nje ili huzuni hiyo isionekane meno.

Jumanne usiku nyumba ilikuwa kimya mpaka vikombe vilikosa la kusema. Baba alikuwa maabara. Nilidhani mama angelala usiku huo kama malkia, kitanda kizima chake. Saa sita, kupitia ukuta wa mbao, nikasikia tup, kiwiko kikipiga godoro, na sauti yake ikiuambia upande wa baba, ulio mtupu, "Vuta." Kisha kitanda kikalia, taa ikawaka. Nikaenda kulala ubavuni kwake. Alinipiga mara mbili kabla ya alfajiri, na kila mara nikavuta.

Asubuhi tulipofika, Bwana Usingizi alikuwa ukumbini na kikombe cha chai, macho mekundu kama aliyekata vitunguu usiku mzima.

"Mara hamsini na mbili kwa saa," alisema. "Iliyokuwa ndefu kuliko zote, sekunde sabini na moja."

Mama akatafuta kiti.

"Kufika saa saba nilikuwa nimeona vya kutosha, nikamvalisha barakoa ya hewa. Inasukuma hewa, koo linabaki wazi. Tangu hapo amelala bila kukatika. Mashine mtakodi, kwenye karatasi nimeandika kila kitu. Akiitumia mwezi mzima na vipimo vikatulia, mimi mwenyewe nitasaini apande."

"Na wewe umekaa macho usiku kucha?" mama akauliza.

"Ndiyo kazi. Leo nalala, usiku anaingia mwenzangu."

"Hamfululizi?"

"Haiwezekani, mama. Usiku wa pili mtu anaanza kukosea. Mwajiri wetu haruhusu."

Sikuona mlango ukifunguliwa. Baba alikuwa amesimama pale, nywele zimegandiana kwa gundi ya nyaya, alama za barakoa mashavuni, uso wake umelainika kama wa mtu aliyetoka safari ndefu akanawa. Alikuwa amesikia.

"Nimeota," alisema. "Nimeota bata. Wengi." Alionekana kujivunia. Kisha akauliza, bila kututazama: "Hii ya kunisukuma. Tangu lini?"

Mama alifikiri. "Sijui. Tangu tuhamie nyumba ile, labda."

"Miaka kumi na moja."

"Basi ndiyo hiyo."

Baba akachukua pochi ya mama kutoka magotini kwake, akaitundika begani kwake mwenyewe, pochi ya maua mekundu, na akatoka nayo hivyo mpaka barabarani. Sikusema neno. Nataka hilo lijulikane.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye jengo, maana ilikuwa Jumatano, siku ya mwisho ya zile wiki tatu. Kwenye mfuko wa shati baba alikuwa na karatasi mbili, na msimamizi hakuwa ameona hata moja. Ile ya bei rahisi ilisema kawaida. Ile ya ada yangu ilisema hatari. Langoni, baba akasimama. Kreni ilikuwa juu yetu, kibanda kitupu, vioo vinametameta. Aliitazama, kisha akampa mama pochi yake.

"Nisubirini hapa," alisema.

"Unampa ipi?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Akaingia ofisini, kile kijumba cha mabati chenye dirisha la wavu, akafunga mlango.

Mimi na mama tukakaa kwenye benchi la walinzi. Mafundi wawili walipita na toroli, mmoja akasema, "Vuta, mke wangu," mwenzake akacheka. Nilikuwa na jibu zuri sana tayari, la kuwatosha ukoo mzima, nikalimeza, kwa sababu kichwa cha mama kilikuwa kimenidondokea begani. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, pochi mapajani, jua usoni, katikati ya kelele za zege na nyundo. Nikahesabu pumzi zake, mazoea mabaya huambukiza. Zilikuwa zinakwenda sawasawa.

Baba alitoka baada ya muda mrefu. Mkononi alikuwa na karatasi moja, na niliisoma kwa mbali: mara tatu kwa saa. Nyingine ilikuwa imebaki ndani. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya rangi ya watu wa chini.

"Mwezi mmoja," alinong'ona. "Nashika redio, namwelekeza kijana atakayekaa juu. Mshahara umepungua kidogo. Kibanda kinanisubiri, ameandika." Aliikunja ile karatasi safi mara nne, akaichana, vipande akavitia mfukoni, maana hatupi taka ovyo. "Msimamizi anasema ningempa ile nyingine asingejua."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hata mimi nisingejua."

Nikainua mkono kumwamsha mama.

"Mwache," baba akasema.

"Kuna kelele, baba. Na jua."

"Mwache alale."

Akavua ile kofia mpya, akaishika hewani upande wa jua, kivuli kikamwangukia mama usoni. Msimamizi alichungulia dirishani, redio mkononi, akamwita. Baba akaweka kidole mdomoni kumwonyesha anyamaze.